Siku za bamvua Jambiani: shajara ya mwanafunzi wa utafiti

Alhamisi, Dar es Salaam hadi Unguja

Boti ya asubuhi imevuka kwa saa mbili hivi, bahari shwari. Kwenye begi nina madodoso, fomu za ridhaa, kinasa sauti, mizani ya kuning'iniza na jedwali la maji kupwa na kujaa la Septemba hii. Jedwali hilo ndilo lililopanga tarehe ya safari. Ninasoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu wanawake wanaolima mwani pwani ya mashariki ya Unguja: kazi hii inawachukulia muda gani, na muda huo unawarudishia nini. Shamba la mwani liko baharini, mahali ambapo mtu husimama kwa miguu yake maji yakishapwa tu. Ukienda siku zisizo zake utamkuta mkulima nyumbani, atakusimulia kazi lakini hutaiona.

Kwa msomaji aliyekulia mbali na pwani kama mimi, mzaliwa wa Njombe: bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, lakini kiasi hubadilika kufuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana na kurudi juu sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji husogea kidogo tu. Hayo ni maji mafu. Mwezi utakuwa mpevu Jumatatu.

Ijumaa, mjini

Asubuhi nimeshughulikia kibali. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti, na barua ya chuo cha Bara peke yake haitoshi. Wanafunzi wenzangu mnaopanga kuja, anzeni mapema, mje na pendekezo la utafiti lililochapwa na barua ya utambulisho yenye muhuri.

Baada ya hapo nimesoma machapisho ya Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo chuo chetu kiliianzisha hapa Zanzibar mwaka 1978. Habari ya mwani haiwezi kuelezwa bila watafiti. Profesa Keto Mshigeni alichunguza mwani wa Tanzania miaka mingi kabla haujawa zao la biashara, na alishikilia kwamba unaweza kulimwa. Kilimo cha kuuza nje kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Aina ni mbili: *Eucheuma denticulatum*, ambayo wakulima wanaiita spinosamu, na *Kappaphycus alvarezii*, yaani kotonii. Zote mbili hutoa karaginani, kitu cha kugandisha na kulainisha kinachotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vingine. Kotonii hulipa zaidi, lakini tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa ovyo katika maji ya kina kifupi. Dkt. Flower Msuya wa Taasisi hiyo amefanya kazi miaka mingi na wakulima kutafuta njia ya kuiotesha kwenye maji marefu zaidi, kwa nyavu zilizoshonwa mfano wa mirija.

Jambo moja limenisumbua mchana kutwa. Karibu kila ripoti niliyoisoma inahesabu tani zilizosafirishwa. Wanaolima ni zaidi ya watu 20,000, na wengi wao kabisa ni wanawake. Muda wao hautajwi, na unapotajwa hupewa jina la "kazi ya ziada". Nataka kujua nani aliupima, na aliupima vipi.

Jumamosi, Darajani hadi Jambiani

Daladala namba 309, magunia juu, abiria chini. Njia inapita Jozani, msitu wa kima punju, halafu ardhi inageuka kuwa mawe ya matumbawe mpaka pwani.

Sheha, yaani kiongozi wa serikali hapa kijijini, amenipokea kibarazani kwake. Amesoma barua zote mstari kwa mstari, akaniuliza nitalala wapi, nitakula nini na nitavaa nini nikiingia baharini. Nilikuja na mpango wa kuchagua wahojiwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha yake ya kaya. Tumeipitia pamoja. Imeandikwa kwa majina ya wakuu wa kaya, wengi wao wanaume, na haisemi ni nani katika nyumba anayelima mwani. Akanielekeza kwa wakala anayenunua. Wakala ana daftari la wauzaji, lakini mwanamke anayeuza kupitia kwa dada yake hamo, na aliyehamia kwa mnunuzi mwingine hamo pia. Kuna na orodha ya kikundi cha akiba, ambamo wamo waliokwisha kuacha mwani.

Kwa hiyo nitaandika orodha yangu, papo hapo pwani maji yakipwa. Sheha amekubali, kwa sharti kwamba majina yabaki kwenye daftari langu na yasifike popote bila yeye kujua. Ni sharti ambalo fomu yangu ya maadili nayo inalitaka, ila yeye hakuhitaji fomu kulijua.

Jumapili

Bamvua halijakomaa. Nimekaa na mama mwenyeji wangu uani, nikajifunza kukata taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mbegu. Jioni nimepita nyumba kwa nyumba kusalimia, bila daftari.

Jumatatu, mwezi mpevu

Tumeingia baharini saa mbili asubuhi, maji yakiwa bado magotini, na kufikia saa nne kasoro yalikuwa yametoka mpaka mchanga ukaonekana baina ya mistari ya vigingi. Mama mwenyeji alinipa viatu vya mpira kwa ajili ya samaki aina ya taa na miiba ya baharini, akanikataza kutembea nikiangalia mbele.

Shamba ni hivi. Vigingi vya miti vimekitwa mchangani kwa safu. Kati ya kigingi na kigingi imevutwa kamba, na juu ya kamba, kila baada ya sehemu ndogo, imefungwa mbegu ya mwani kwa taitai. Mkulima hupita kamba kwa kamba: ananyofoa majani mengine yaliyojishika, anakaza fundo lililolegea, anaangalia samaki tasi wamekula wapi, anatupa matawi yaliyoanza kuwa meupe. Wanasayansi wanauita ugonjwa huo ais-ais. Wanawake niliokuwa nao wanautambua kwa vidole kabla ya macho, kwa ulaini wa tawi. Kazi yote hufanywa kwa kuinama. Nimeinama nao, na mgongo wangu umenieleza mambo ambayo swali la "kazi hii ni ngumu kiasi gani, taja kati ya moja na tano" lisingenieleza.

Nilikuwa nimeamua kwamba sitamsimamisha mtu kazini. Saa za maji kupwa ni chache, na anayesimama kunijibu anazipoteza. Kwa hiyo nafunga mbegu upande mmoja wa kamba, yeye upande wa pili, tunazungumza. Miradi mingine hulipa posho ya kuhojiwa, na wapo walioniuliza. Nimewaambia sina posho ila nina mikono, na jibu hilo limepokelewa vizuri.

Hapo ndipo swali langu la nne lilipokutana na mwenye kazi. Nilimwuliza bibi mmoja, "Bibi, kwa siku unafanya kazi ya mwani saa ngapi?"

"Siku ya maji gani?" akaniuliza.

Nikamwambia siku ya kawaida. Akanyamaza akikaza fundo, kisha akanieleza taratibu. Leo atakaa baharini mpaka saa saba. Kesho zaidi, kwa kuwa maji yatatoka mbali zaidi. Siku ya mwisho ya bamvua ataingia kidogo tu. Baada ya hapo hataingia kabisa mpaka mwezi uwe mwembamba. Lakini siku hizo za nyumbani ataanika, atapepeta mchanga na kukata taitai, na hizo nazo ni kazi ya mwani. "Sasa mwanangu, niandikie hiyo siku ya kawaida ni ipi."

Sikuandika namba. Nimeandika maelezo yake yote.

Jumanne

Leo ni zamu ya mapato, na nataka kulieleza hili kwa urefu kwa sababu naona ndilo kiini cha utafiti wangu.

Dodoso linauliza mapato ya mwani kwa mwezi, kama yanavyouliza madodoso mengi ya kaya. Kila niliyemwuliza amenirudishia swali: mwezi wa kupanda au wa kuvuna? Mbegu inayofungwa bamvua hili huvunwa bamvua la tatu baada yake. Bamvua moja na jingine zimeachana siku 15 kasoro kidogo, kwa hiyo mavuno huja baada ya siku 44 hivi, ambazo vitabu huziandika kama wiki sita. Chukua sasa kalenda ya ukutani uiweke juu ya hesabu hiyo. Mwezi mmoja wa kalenda unaweza kuangukia baina ya mavuno na mavuno, mkulima akaonekana hakupata kitu. Mwezi mwingine unameza mavuno na malipo yaliyocheleweshwa na mnunuzi, akaonekana amepata mara mbili. Mtafiti akija Machi na mwingine Aprili, wataandika habari za wanawake wawili tofauti, na kumbe ni yuleyule.

Saa za kazi nazo zina shida ileile. Ukichukua saa alizokaa baharini ukazigawanya kwa siku 30, unapata namba ndogo ya kila siku, na hapo ndipo "kazi ya ziada" inapozaliwa. Wakati wa bamvua mwanamke huyu anatoka asubuhi na kurudi mchana, siku mfululizo, na hakuna kazi nyingine inayoweza kumtoa hapo isipokuwa ugonjwa au msiba.

Mchana, chini ya mnazi, nimejaribu njia nyingine. Nimeacha mwezi. Nimemwomba kila mmoja anisimulie mavuno yake ya mwisho tu: alifunga kamba ngapi, bamvua gani, alivuna bamvua gani, alipata kilo ngapi kavu, alimwuzia nani, alikatwa nini. Majibu yamekuja bila kusita. Kila mwanamke anajua idadi ya kamba zake. Anakumbuka zipi zilikwenda na upepo wa kusi na zipi zililiwa na tasi. Anakumbuka kama alifunga kabla ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, au baada yake. Wale wanaopewa kamba na taitai na mnunuzi wanajua wanadaiwa nini, na wanajua kwamba deni hilo linawazuia kuuza kwingine. Swali la mapato ya mwezi lingelipita deni hilo bila kuligusa.

Nimewahi kusoma kwamba wakulima wadogo hawaweki kumbukumbu. Hawa wanaweka, na kwa usahihi. Anayewauliza ndiye anayepaswa kufuata kipimo chao.

Usiku nimempigia msimamizi wangu. Alisikiliza, akauliza swali zuri: nitalinganishaje matokeo yangu na tafiti zilizotumia mwezi? Nimemjibu kwamba mwaka una bamvua 24 au 25. Nikipata hesabu ya kila bamvua naweza kuijumlisha kuwa ya mwaka, na kutoka mwaka kwenda popote. Kinyume chake hakiwezekani. Ameniambia niandike hoja hiyo kwa ukurasa mmoja na kumpelekea kabla ya Jumapili.

Jumatano

Siku ya kuvuna kwa mama mwenyeji. Magunia hujazwa hukohuko majini, kisha husubiriwa maji yarejee kidogo ili gunia lielee na kuvutwa. Likiwa mchangani, mtu mmoja haliwezi. Nimepima kila gunia bichi kwa mizani yangu na kulitenga eneo lake la kuanikia, nilipime tena likikauka.

Mkulima mmoja bado ana kamba chache za kotonii upande wa maji marefu. Amenionyesha matawi yaliyonyauka. Kwa maelezo yake, joto la kaskazi ndilo linaloanza kuyalegeza, mvua za masika zikaongeza maji yasiyo na chumvi juu yake, na yale yanayosalia hunusurika kwa kipupwe. Hayo yanalingana na tafiti zinazohusisha vifo vya kotonii na joto la maji. Nimemwuliza kwa nini haachi. Akasema anatunza mbegu, maana ikipotea kwake hajui ataipata kwa nani.

Alhamisi

Upepo mkali. Sauti zilizorekodiwa pwani leo zimejaa mvumo, kwa hiyo nimehamia nyuma ya ukuta wa banda na kufunika kinasa sauti kwa kitambaa. Mama mmoja amekubali kuzungumza lakini amekataa kurekodiwa. Nimezima, nimeweka kalamu chini mpaka aliponiambia niandike, na mazungumzo yake ndiyo marefu kuliko yote ya wiki. Ridhaa haiishi kwenye sahihi ya mwanzo. Niliulizia tena katikati, na tena mwisho, kipi nibaki nacho. Kuna sentensi mbili alizoniomba nizifute. Nimezifuta mbele yake.

Ijumaa

Sikuhoji mtu. Nimenukuu sauti kuwa maandishi, nimebadilisha majina yote kuwa namba, na karatasi inayounganisha majina na namba nimeifungia mahali pake peke yake.

Jumamosi

Spinosamu imekauka. Mizani imetoa matokeo yaliyo ndani ya kiwango kinachojulikana, kati ya kilo saba na kumi mbichi kwa kilo moja kavu. Mama mwenyeji alikuwa amekisia kabla sijapima, kwa kuinua gunia tu, na alikuwa karibu sana.

Mchana tumekaa kikundi, uani kwa mmoja wao, mwenye nyumba akitupa uji. Nilichora kwenye karatasi kubwa jedwali la bamvua moja, siku kwa siku, kama nilivyolielewa, nikawasomea ili walikosoe. Walilikosoa kweli. Kwanza, sikuwa nimeweka pweza. Siku za bamvua ndizo pia siku za kuchokoa pweza miambani, na mwanamke mwenye watoto wakubwa huwagawa, huyu kwenye mwani, yule kwenye pweza. Mwenye watoto wadogo huchagua moja. Pili, safu ya maji mafu niliyoiita "mapumziko" waliifuta wenyewe kwa kalamu yangu. Wakaweka makumbi ya nazi: kuyafukua mchangani yalikooza, kuyatwanga, kusokota kamba. Wakaweka ukili wa kusukia mikeka, wakaweka kuni. Bibi wa Jumatatu alichukua kalamu akaandika upande wa pembeni "macho na kifua", kwa sababu siku baada ya bamvua ndizo siku za macho kuwasha na kikohozi, na siku hizo mtu hutafuta dawa. Hilo silo jambo nililokuja kulipima. Sasa limo.

Kisha likaja swali nililolitarajia. Mdogo kuliko wote aliuliza, "Na sisi hii itatufaa nini?" Nimewaambia ukweli: tasnifu ya uzamili haipandishi bei ya mwani. Inaweza kuweka saa zao kwenye maandishi ambayo wapanga bajeti wanayasoma, mahali ambapo leo pana tani tu. Wakataka zaidi, na wana haki. Tasnifu yangu itaandikwa kwa Kiingereza, basi tumekubaliana kwamba jedwali hili litachapwa kwa Kiswahili, kwa jina la kikundi, na wao walitumie watakavyo wakienda kuzungumza na wanunuzi. Nimeliandika kwenye mpango wa kazi pamoja na gharama yake, ili lisibaki ahadi ya mdomo.

Jumapili, Paje

Nimetembea ufukweni mpaka Paje kuona kama orodha ya pwani ingefanyika na huko. Pagumu zaidi. Hoteli zimeshika ufukwe, na maji yakianza kujaa watalii wanaosimama juu ya ubao wakivutwa na tiara hupita kasi juu ya mistari ya vigingi. Wakulima wawili wameniambia wamesogeza mashamba, na kwamba njia ya kushukia baharini sasa ni ya kuzunguka. Dakika hizo za kuzunguka hakuna dodoso linaloziuliza. Nimeongeza swali: unatoka nyumbani saa ngapi, na unafika kwenye kamba yako ya kwanza saa ngapi?

Jumatatu, kurudi

Msimamizi ameusoma ukurasa wangu na amekubali bamvua liwe kipimo cha msingi, mwezi ubaki kwenye kiambatisho kwa ajili ya kulinganisha. Dodoso jipya ni fupi kuliko la kwanza. Linaanza na idadi ya kamba, linafuata mavuno moja kutoka mbegu hadi malipo, halafu linauliza siku za maji mafu kwa jina la kila kazi. Makato ya mnunuzi yana safu yake. Macho na kifua yana yake.

Chombo cha utafiti kikibadilika kiasi hiki lazima kirudi kwenye kamati ya maadili, kwa hiyo nimeandika barua hiyo ndani ya boti na kuituma mara tu tulipofika bandarini. Nimeomba jibu kabla ya bamvua la mwezi mwandamo. Likichelewa nitaanza na linalofuata, Jambiani kwanza kisha Paje, na mama mwenyeji ameshanitengea kamba zangu za kufunga.